Miwani ya VR: mlionunua, tupeane uzoefu kabla sijatoa dola zangu

Kijana wa Kamalondo: Jambo yenu wakubwa. Nina dola 350, nimezikusanya tangu Januari. Juzi kwa rafiki nilivaa miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuingiza ndani ya mchezo, dakika kumi tu, usiku usingizi ukagoma. Kuna Quest 2, miwani ya kampuni ya Meta, ya mkono wa pili, mtu anataka 180. Kuna Quest 3S mpya, Marekani ilitoka kwa 299, lakini ikifika huku Lubumbashi hiyo ni hesabu nyingine. Na jirani mwenye PlayStation 5 ananisukuma ninunue ya Sony. Semeni ukweli.

Mwana Ibanda: Umenitonesha kidonda. Quest 2 yangu ilidumu wiki tatu. Nyumba yetu hapa Bukavu, dirisha la sebule linatazama upande wa Rwanda, jua likichomoza sisi ndio wa kwanza kulipata. Asubuhi moja nacheza, mama akaita chai, nikaiweka mezani lenzi zikiangalia dirisha. Chai yenyewe na mkate, robo saa haikufika. Narudi, navaa, naona doa la njano jicho la kulia, kama punje ya mahindi. Nikapangusa. Nikapangusa tena. Doa liko ndani. Mnakumbuka kile kioo tulichokuwa tunachomea karatasi utotoni? Lenzi hizo ni kazi ileile, na kilichoungua ni skrini. Fundi wa Nyawera akafungua, akatazama, akafunga, akanidai dola tano. Za kutazama! Hadi leo kila mchezo nauchezea na lile doa, hata mbinguni mwangu kuna jua la pili.

Yaya Furaha: Njo vile. Mimi nazifunika na soksi za mtoto.

Papa Mapacha: Dogo, achana na Quest 2, hiyo ni ya 2020. 3S ya 2024 ina chipu ileile ya Quest 3, basi.

Fundi Katuba: Papa, malizia sentensi. Chipu ya Quest 3, lenzi za Quest 2. Maandishi yako wazi katikati, ukitupa jicho pembeni yanafifia.

Papa Mapacha: Wewe umeivaa?

Fundi Katuba: Nimeona video.

Papa Mapacha: Haya.

Kijana wa Birere: Mimi niliinunua ya biashara. Kibanda changu hapa Goma ni cha mbao, watu wanalipa franga 1,000 kwa dakika tano. Siku ya soko akaingia baba mmoja mnene, ametoka kuuza makala ya kupikia, anataka ndondi. Nikamchorea duara kwa chaki, nikamwambia papa usitoke humu. Raundi ya kwanza anacheka. Ya pili amekasirika kweli, anamtukana yule mtu wa ndani ya miwani kwa jina la shemeji yake! Akarusha mkono wa kulia. Ubao ukaitika. Ng'ambo ya ubao ule kuna butiki ya mama muuza mayai, na rafu yake imepigiliwa kwenye ukuta wetu. Nilisikia plato za mayai zikishuka moja baada ya nyingine, polepole, kama mvua inavyoanza. Yeye bado anapiga.

Mama Neema: Mayai ulilipa?

Kijana wa Birere: Plato tatu na nusu.

Mwana Ibanda: Nusu imetoka wapi?

Kijana wa Birere: Mengine hayakupasuka. Tulihesabu pamoja, tumepiga magoti.

Yaya Furaha: Na shemeji je?

Kijana wa Kamalondo: Jamani, swali langu.

Fundi Katuba: Ya Sony ina waya, bila PS5, au kompyuta yenye adapta yake, ni kofia tu. Umeme ukikatika umekaa gizani umefungwa kamba kama mbuzi. Quest ina betri yake, kama saa mbili.

Papa Mapacha: Hapo ninakubali. Na ununue mega za kutosha, siku ya kwanza tu inadai kujisasisha, forfe yote ya intaneti inaondoka.

Mama Neema: Kama ni Quest 2, uliza kifuniko cha silikoni. Sponji za mwanzo zinazogusa uso ziliwasha watu ngozi, 2021 kampuni ikavigawa bure.

Yaya Furaha: Pima macho kwanza! Rula mbele ya kioo, mboni hadi mboni. Quest 2 na 3S, lenzi zina nafasi tatu tu: milimita 58, 63, 68. Quest 3 unazungusha gurudumu hadi ukae sawa. Mimi sikupima, mwezi mzima kichwa kiliuma nikidhani ni malaria.

Kijana wa Kamalondo: Nimepima na rula ya dada: 61. Naweka wapi?

Yaya Furaha: 63.

Mama Neema: Birere, yule baba wa makala alirudi?

Kijana wa Birere: Kila siku ya soko. Mama ndiye amehamisha mayai.