Akaunti imefungiwa, kodi ya miezi sita iko mlangoni

Baba Hawi, Nyegezi (Jumatatu usiku)

Hamjambo Wakenya wenzangu wa Mwanza. Naomba msaada wa haraka. Kibali changu cha ukaazi cha daraja B, kile cha mgeni aliyeajiriwa, kimeisha tarehe 14. Cha kazi kimeshatoka upya, cha ukaazi bado. Niliomba mapema, control namba (namba ya malipo ya serikali) nimelipa, risiti ninayo. Leo nimeenda benki kutoa mshahara. Dada wa dirishani akafungua pasipoti, akaweka kidole kwenye ile tarehe, akanigeuzia niisome mwenyewe. "Kaka, mfumo umekufungia." Mshahara nauona kwenye simu, ila hautoki.

Na mambo yamegongana. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, 250,000 mara sita, milioni moja na nusu. Hawi anafungua shule Kisumu Jumatatu ijayo, karo 22,000 za Kenya. Nilizo nazo mkononi ni laki tano na themanini. Kuna aliyefunguliwa akaunti kwa risiti ya maombi tu? Na kwa hizi zilizopo, nianze na karo au na nyumba?

Mama Adhis, Kirumba

Pole sana shemeji. Ya benki siijui. Hilo la pili limenigusa kwa sababu nimelilia.

Nilipohamia hapa kila kitu nilikuwa nakigawa kwa ishirini. Sahani ya wali na sato elfu sita, nagawa, mia tatu za Kenya, naona rahisi, nalipa. Bodaboda elfu mbili, ni mia tu, twende. Mwezi wa tatu nikawa naazima unga kwa jirani, na sikuwa nimenunua kitu chochote cha maana. Nilikuwa nalinganisha bei na Kisumu wakati mshahara wangu ni wa Mwanza.

Nikachukua daftari la mtoto. Mshahara 780,000, nikaugawa kwa siku 26 za kazi, siku moja ikatoka 30,000. Tangu hapo naandika kwa siku. Kitenge cha elfu 35 ni siku nzima ya kusimama dukani na asubuhi ya siku ya pili. Kuna vitenge nimenunua na sijutii, lakini kuna vingi nimevirudisha mezani na muuzaji akaninunia. Kodi yako, Baba Hawi, ni siku ngapi zako? Hesabu hiyo kwanza.

Mwalimu wa Igoma

Mama Adhis, kugawa kwa ishirini si kosa. Sisi tunaolipa HELB, mkopo wa elimu ya juu wa Kenya, hatuna hiari, deni liko kwa shilingi za kule na kiwango cha kubadilisha pesa kinapanda na kushuka. Mwaka jana nilisahau kujaza ritani ya sufuri (ya asiye na kipato) KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya 30 Juni, faini 2,000 za Kenya. Huku ni kama 40,000, umeme wangu wa mwezi na chenji inabaki. Hiyo pesa hujaila, hujavaa. Kila mwenye PIN ya KRA ajaze hata kama hana kipato kule.

Baba Hawi, kibali cha kazi si kimetoka? Kipeleke benki, watafungua.

Mzee wa Pasiansi

Mwalimu, usimpotoshe mwenzio. Kibali cha kazi kinatoka ofisi ya Kazi, cha ukaazi kinatoka Uhamiaji, na benki inaangalia cha ukaazi. Nimeishi hapa miaka ishirini na saba, nimeona watu wakizungushwa kwa ushauri wa namna hii.

Kuhusu kodi: mwombe mwenye nyumba akupokelee miezi mitatu, lakini nenda na pesa mkononi. Maneno matupu hawayapendi. Halafu angalia LUKU yako, umeme wa kulipa kabla. Ile 1,500 ya kila mwezi ni kodi ya jengo, ni deni la mwenye jengo na si lako. Mimi natunza ujumbe wote wa LUKU, nikilipa kodi ya nyumba namkata mwenye nyumba elfu tisa za miezi sita. Mara ya kwanza alikasirika. Sasa ananiuliza mwenyewe, "Mzee, umeshakata?"

Na chama cha kuweka akiba, jamani. Nilipolazwa kwa upasuaji ni chama kilicholipa, ndugu walikuwa bado wanashauriana kwa simu.

Nyar Dunga, Mabatini

Mzee umesema chama. Mimi saluni niliifunga baada ya lile agizo la serikali la Julai 2025 la biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi. Saluni imo, kutengeneza simu imo, uwakala wa pesa umo. Viti vitatu na draya mbili niliuza kwa bei ya kutupa. Soko la pamoja la Afrika Mashariki tulitangaziwa 2010, leo naulizwa mimi ni wa wapi. Kilichonishika ni akiba ya miezi minne kwenye chama, bila hiyo ningerudi kwetu Dunga, Kisumu, mikono mitupu.

Jana nilishuka Mwaloni, nikanunua dagaa, nikawakaanga na nyanya na maziwa kama mama anavyopika omena, ndivyo dagaa tunavyowaita kwetu. Ziwa ni lilelile, samaki ni walewale, na bado nilikula nikitokwa machozi.

Mwalimu wa Igoma

Pole dada. Ila hapa tulikuwa kwenye kibali, siasa tuiweke kando.

Nyar Dunga, Mabatini

Mwalimu, iliyofungwa ni saluni yangu. Usiniambie hiyo ni siasa.

Mama Adhis, Kirumba

Nyar Dunga, njoo Jumapili, nina aliya, nyama ya kukaushwa, kutoka nyumbani. Nimeiloweka.

Baba Hawi, Nyegezi (Jumatano)

Asanteni. Nimehesabu kwa siku kama alivyosema Mama Adhis: kodi ni siku 33 zangu kiwandani, karo ni karibu siku kumi. Karo nimelipa jana, 440,000 na makato. Mwenye nyumba nimempelekea laki moja, ameandika kwenye daftari lake, kanipa hadi mwisho wa mwezi, miezi mitatu amekubali. Ya LUKU sikuthubutu kuitaja leo.

Akaunti bado. Narudia kuuliza, risiti ya maombi imemsaidia mtu yeyote?

Na kuna anayevuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya Ijumaa? Hawi amesahau sweta ya shule, iko hapa imefuliwa.