Milioni 60 za kiinua mgongo: FM ya wilaya, redio jamii au ya mtandaoni?

Mstaafu_Masasi
Wakuu habari za jioni. Nimestaafu mwezi wa sita, nikitoa ada za watoto na kumalizia paa inabaki kama milioni 60. Toka ujana natamani redio yangu hapa Masasi. Njia ninazoziona ni FM ya biashara ya wilaya, redio jamii au ya mtandaoni. Msinipe moyo, nipeni hesabu.

FundiMasafa
Shikamoo mzee. Kununua mitambo sio shida, shida ni mwezi wa nne baada ya kuwasha. Chukua umeme tu, transmita ya kilowati 1 inavuta kama kilowati 1.6, ukirusha saa 24 ni uniti 1,150 hivi kwa mwezi, kwa shilingi 292 kila uniti kabla ya VAT na makato mengine ni laki tatu na thelathini na tano, hapo AC ya chumba cha mtambo haimo, studio haimo, na umeme ukikatika unahamia kwenye dizeli. Kwenu kuna milima ya mawe, antena ukiipandisha kule huhitaji mnara mrefu sana ila utalipia linki ya kupeleka sauti toka studio hadi kwenye mtambo, mlinzi wa kule juu na radi. Radi mzee! Tenga hela ya athi (nyaya za kupeleka radi ardhini) ya kueleweka kabla ya hela ya sherehe ya uzinduzi, mimi nimeshazika transmita mbili ndani ya mwaka mmoja.

mama_spoti
Nimeuza matangazo redio ya wilaya miaka saba. Kusikilizwa na kulipwa ni vitu viwili. Wenye maduka wanatoa elfu kumi kumi, na wengine wanalipa kwa simenti (kweli kabisa, ukuta wa studio yetu ni matangazo ya duka la vifaa vya ujenzi 😂). Kampuni kubwa zinapitia ajensi za Dar, ajensi inakata chake, inataka ripoti ya kila spoti (tangazo moja moja) iliyoruka, malipo yanakuja baada ya siku 90 na 5% imezuiwa kama kodi ya TRA, wakati huo mtangazaji wako anadai kodi ya chumba. Kwenu hela inaonekana korosho zikianza kuuzwa Oktoba, ikifika Machi hata mwenye baa anakukwepa njiani. Kama huna hela ya kuendeshea miezi nane pembeni, utaishia kuwauzia waganga saa zote za usiku.

Bando_Limeisha
Mzee nenda mtandaoni, laptop, maiki na seva ya kukodi umemaliza, wanamasasi wa Dar watakusikiliza.

FundiMasafa
Dogo usimponze mzee. Kwenye FM wakiongezeka wasikilizaji elfu moja gharama haisogei, mtandaoni kila kichwa kinakula. Kwa sauti ya kbps 64, watu 200 kwa wakati mmoja wanahitaji seva yenye kasi ya karibu Mbps 13, na kila mmoja anachoma MB 29 kwa saa kwenye bando lake. Mkulima mwenye kisimu cha tochi hayumo. Na tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 huko nako leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) inakuhusu.

Bando_Limeisha
Sawa fundi, ila mimi nikifeli nabaki na laptop, yeye anabaki na mnara 🙃

jirani_wa_pangani
Redio jamii mzee haitakuwa yako, hilo lijue mapema. Kuna bodi, faida haigawanywi, na mara nyingi nyuma yake kuna shirika, mfano Pangani FM ilianzishwa na UZIKWASA. Nimejitolea redio ya namna hiyo (sio hiyo niliyotaja), mradi ulipoisha tulibaki na salamu na matangazo ya misiba, na vijana wakishajua kusoma habari wanaondoka. Heshima utapata, kiinua mgongo hakirudi.

mama_spoti
Na mirabaha ya wanamuziki hamjaitaja. Mzee kwani lazima umiliki? Kodi saa moja ya jioni kwenye redio iliyopo, tafuta wadhamini mwenyewe miezi sita. Ukishindwa kuuza saa moja, 24 utaziuza kwa nani?

Mstaafu_Masasi
Asanteni sana. Mama watoto alikuwa anasoma pembeni yangu, alipofika kwenye radi akaenda kuficha kadi ya benki. Kesho naenda kuulizia bei ya saa ya jioni. FundiMasafa, ile bei ya athi nitumie inboksi hivyohivyo.