KCSE Kompyuta: karatasi ya pili inanimaliza, muda uliobaki niutumieje?

mtahiniwa_kilifi

Shikamooni wakubwa. Niko kidato cha nne, nafanya somo la Kompyuta (msimbo 451) kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Karatasi ya kwanza, ya nadharia, napita vizuri kwenye majaribio, ila ya pili, ya vitendo, naanguka. Maswali nayaelewa, lakini saa mbili na nusu zinaisha nikiwa bado nang'ang'ana na Access, programu ya hifadhidata, na ripoti ikitoka kwenye printa imeandikwa #Error pale penye jumla. Maabara tunaingia kwa zamu na nyumbani nina simu tu. Nianzie wapi? Pia kwenye karatasi ya kwanza, kutoa kwa bainari kwa njia ya komplimenti bado kunanichanganya.

mwalimu_wa_maabara

Marahaba. Karatasi ya pili ina maswali mawili, yote ya lazima, alama 50 kila moja, dakika 150. Wengi hugawa 75 kwa 75, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu kuprinti na kuhifadhi kwenye CD kunahitaji muda wake. Gawa 65 kwa 65 na ubakishe 20. Printa ya maabara mara nyingi ni moja, na dakika kumi za mwisho kila mtu anatuma kazi. Ukimaliza swali moja, liprinti hapo hapo.

Sasa Access. Inakula muda kwa sababu watu huingiza data kabla ya kuunganisha majedwali, halafu uhusiano ukikataa wanarudi kufuta. Unda majedwali yote kwanza yakiwa matupu, chagua aina ya data ya kila uga (field), weka ufunguo msingi (uga usiojirudia unaotambulisha kila rekodi), unganisha, ndipo uanze kuchapa rekodi.

Tuseme una WANAFUNZI na MALIPO. Nambari ya mwanafunzi ni ufunguo msingi kwenye WANAFUNZI. Kwenye MALIPO nambari hiyo hiyo itajirudia kila anapolipa, kwa hiyo usiifanye ufunguo huko. Tumia nambari ya risiti. Aina ya data lazima ilingane pande zote mbili. Ukiweka maandishi huku na namba kule, Access haitakubali uhusiano wenye ulinzi, yaani ile Enforce Referential Integrity. Na kama upande mmoja ni AutoNumber, wa pili uwe Number yenye ukubwa wa Long Integer. Kisha jaza WANAFUNZI kabla ya MALIPO. Ukianza na malipo ya mwanafunzi ambaye bado hayumo, rekodi itakataliwa, nawe utadhani kompyuta imeharibika.

Nambari za simu ziwe maandishi. Ukiziweka kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea.

Kuhusu #Error, nina hakika umeweka =Sum([Kiasi]) kwenye Page Footer. Jumla haifanyi kazi pale. Ihamishie Group Footer ukitaka jumla ya kila kundi, au Report Footer ukitaka ya ripoti nzima. Ikiendelea kugoma, angalia jina la kisanduku chenyewe: kikiitwa Kiasi na ndani yake kuna =Sum([Kiasi]), kinajirejelea chenyewe. Kipe jina jingine, mfano JumlaKiasi.

Jambo jingine: Access huhifadhi rekodi yenyewe unapohamia mstari unaofuata, lakini muundo wa kwiri (query), fomu na ripoti hauhifadhi mpaka uuamuru. Stima ikipotea, kinachopotea ni muundo, na ndio wenye kazi nyingi. Ukiona alama ya kalamu pembeni mwa mstari, rekodi hiyo bado haijaingia.

seli_na_dola

Mwalimu amemaliza upande wa Access. Niongeze lahajedwali, yaani Excel, maana huko alama huvuja kimyakimya.

IF ya madaraja ianzie juu ishuke:

=IF(C5>=80,"A",IF(C5>=65,"B",IF(C5>=50,"C","D")))

Ukianza na C5>=50, hata mwenye 90 atapata C, kwa kuwa Excel husimama kwenye sharti la kwanza lililotimia na haiendelei mbele.

Nafasi: =RANK(C5,$C$5:$C$24). Ukisahau alama za dola, ukiburuta fomula chini masafa yanahama kuwa C6:C25, C7:C26, na utajikuta na namba moja watatu. Vivyo hivyo kwenye VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu ndani ya jedwali: jedwali lifungwe kwa dola. Ukitafuta kitu kamili kama msimbo wa bidhaa, malizia na FALSE. Bila hiyo Excel inatafuta kilicho karibu na inaweza kukupa bei ya bidhaa nyingine bila onyo lolote. Hilo ni baya kuliko #N/A (alama ya kitu kisichopatikana), ambayo angalau unaiona.

Subtotal inataka data ipangwe kwanza kwa safu unayojumlishia. Usipopanga, kundi moja linakatwa vipande vinne, kila kimoja na jumla yake. Kitufe kikiwa kimefifia, huenda umegeuza data kuwa Table; bonyeza Convert to Range.

Swali likisema nakili kazi kwenye karatasi ya pili ya faili (Sheet 2), uibadilishe jina, halafu uchuje humo, fanya humo humo. Wanaochuja kwenye ile ya kwanza huharibu ushahidi wa kazi ya awali, na alama za pande zote mbili zinaondoka.

Kabla ya kuprinti, tafuta #####. Data iko sawa, safu tu ni nyembamba, lakini msahihishaji ataona alama za reli badala ya jibu. Angalia pia kama chati imechaguliwa: ikiwa imechaguliwa, itaprintiwa chati peke yake bila jedwali.

biti_nane

Nakuja kwenye bainari. Chukua 14 − 9 kwa biti 8.

14 ni 00001110
9 ni 00001001
Geuza kila biti ya 9: 11110110. Hiyo ni komplimenti ya kwanza.
Ongeza 1: 11110111. Hiyo ni komplimenti ya pili.

Kwa ya pili: 00001110 + 11110111 = (1)00000101. Biti iliyozidi unaitupa, unabaki na 00000101, yaani 5.

Kwa ya kwanza: 00001110 + 11110110 = (1)00000100. Hapa biti iliyozidi huitupi, unaijumlisha mwishoni: 00000100 + 1 = 00000101. Jibu lile lile.

Kinachowachanganya wengi ni hapo tu. Kosa la pili ni kugeuza 1001 bila kuijaza sifuri kwanza hadi biti 8. Ukifanya hivyo umepoteza swali zima.

Desimali za sehemu nazo: 0.375 × 2 = 0.75, andika 0. 0.75 × 2 = 1.5, andika 1. 0.5 × 2 = 1.0, andika 1. Unasoma kutoka juu kwenda chini: 0.011. Namba nzima unagawa kwa mbili na kusoma masalio kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo 11.375 ni 1011.011.

Usisahau pia kwamba sehemu B ya karatasi ya kwanza ina swali la 16 ambalo ni la lazima, kisha unachagua matatu kati ya 17 hadi 20. Hilo la 16 mara nyingi ni sudokodi (hatua za programu kwa maneno ya kawaida) na chati mtiririko. Vigezo vya kuanzia, mfano jumla = 0 na kihesabu = 1, viwe nje ya kitanzi (loop). Ukiviweka ndani, jumla inarudi sifuri kila mzunguko. Andika "ndiyo" na "hapana" kwenye mishale ya almasi.

mtahiniwa_kilifi

Asanteni sana! Nimekagua, kweli jumla ilikuwa Page Footer. Sasa nyumbani kwa simu nifanye nini?

mwalimu_wa_maabara

Access na Publisher (programu ya kusanifu machapisho) hazipo kwenye simu, kwa hiyo zamu yako yote ya maabara iwe ya hizo mbili. Fomula za Excel zifanyie nyumbani: Google Sheets kwenye simu inakubali IF, RANK, VLOOKUP na COUNTIF zilivyo. Majedwali ya Access yachore kwenye karatasi: majina ya uga, aina ya data, ufunguo, mshale wa uhusiano. Ukiingia maabara unachapa tu, hufikirii upya.

seli_na_dola

Na CD. Funga Access kabisa kabla ya kunakili. Usiburute njia ya mkato ya faili. Ikoni yake ina kimshale kidogo pembeni, na kwenye CD haitafungua chochote. Ukimaliza kuchoma, toa CD, irudishe, fungua kila faili kutoka humo. Usiweke nywila. Jina na nambari yako ya mtihani viwe kwenye heda ya kila printi na juu ya CD yenyewe, na uandike jina na toleo la programu uliyotumia kwa kila swali.