Tangazo la khitma limezama ndani ya mazungumzo ya kisima

KatibuWete: Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watu wa kijiji chetu; wengine tuko Pemba, wengine Mjini Unguja, Maskati na London. Habari zetu hupita kwenye orodha ya barua pepe, yaani anwani moja inayotufikia sote. Juzi mwenzetu ametangaza khitma ya mama yake. Alifungua barua ya zamani ya mchango wa kisima, akabonyeza Jibu, akafuta kichwa cha habari na kuandika kipya. Kwangu, natumia Gmail, ilitokea peke yake. Wa Maskati wanasema hawakuiona kabisa. Kichwa si kimebadilishwa? Imekuwaje?

FundiMalindi: Waalaikumu ssalaam, katibu. Mwenye msiba mpe pole zetu. Kichwa cha habari tunakisoma sisi watu. Programu ya barua pepe inatazama kwengine. Kila barua ina kitambulisho chake, Message-ID. Ukibonyeza Jibu, barua yako inachukua kitambulisho cha ile unayoijibu na kukiweka kwenye mistari isiyoonekana, In-Reply-To na References. Huo wa pili unabeba nasaba nzima, tangu barua ya kwanza. Mistari hiyo imo katika RFC 822 ya mwaka 1982, moja ya hati za kanuni za mtandao, na kufuta kichwa hakuigusi. Programu ya Thunderbird, kwa mfano, inafuata nasaba, ndiyo maana tangazo linakaa chini ya mazungumzo ya kisima. Gmail inatazama na kichwa pia. Kikibadilika, inafungua mazungumzo mapya. Basi nyinyi nyote mmesema kweli.

Jambo jipya liandikiwe barua mpya. Anwani ya orodha ihifadhiwe kwenye simu kama namba ya mtu, maana wengi hubonyeza Jibu kwa sababu tu hawaikumbuki.

BintiKonde: Na mimi nina langu. Mtu anaandika "Amin" na chini yake zimefuatana barua za watu wote tangu mwanzo. Nafungua kwa bando la simu, nateremka weee mpaka nachoka. Hivi jibu linaandikwa juu au chini?

FundiMalindi: Chini ya maneno unayoyajibu, dada yangu, na yasiyohusika uyakate. Bakisha mstari mmoja au miwili, msomaji ajue unajibu nini. Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliliandika hilo katika RFC 1855, Oktoba 1995: ama ufupishe ya mwenzio, ama unukuu kiasi cha kutosha tu kueleweka. Kwenye simu maneno ya zamani yamefichwa, mtu hajui kama anayatuma tena. Ayafungue, ayafute. Ni kazi ndogo kwake, na inawapunguzia mzigo wote wanaosoma.

MzeeWaMaskati: Mwanangu, hayo nimeyafahamu. Lakini kuna mtu alitukataza kutuma pole kwenye orodha, ati tunajaza sanduku za watu. Msiba haufanywi siri. Mfiwa anataka kuona nani kamkumbuka.

FundiMalindi: Shikamoo mzee. Hapo niko na wewe moja kwa moja. Ipo kanuni ya kutowatumia wote jibu la neno moja; hiyo inafaa kwenye mjadala wa bei ya saruji, haifai kwenye tanzia. Na khasa kwa sababu pole zitakuwa nyingi, tanzia inahitaji mazungumzo yake yenyewe. Huko zitakaa pamoja na mfiwa atazisoma zote. Ila anayetuma ubani amwandikie mfiwa peke yake, na kabla ya kutuma atazame mstari wa mpokeaji. Orodha nyengine zimepangwa jibu lirudi kwa wote, nyengine kwa aliyeandika tu. Katibu, yenu ikoje?

KatibuWete: Yetu inarudi kwa wote. Na ile iliyokwisha kwenda, inaweza kutolewa mule?

FundiMalindi: Haiwezi. Imeshafika kwa kila mtu na nasaba yake. Itumwe upya, kwa barua mpya, kichwa kiwe na jina la marehemu, siku na msikiti.

KatibuWete: Mwenye msiba ameridhia. Khitma ni Ijumaa baada ya Alasiri, naituma sasa hivi.