Naomba ushauri: kazi za unukuzi na manukuu mtandaoni, natuma maombi sijibiwi

Kalamu_Kimya

Wakuu, habari za humu ndani. Nanukuu sauti kuwa maandishi na kuweka manukuu kwenye video. Kuandika haraka naweza, lugha mbili nazimudu, kompyuta na intaneti vipo. Akaunti ninazo Upwork na Fiverr, majukwaa ya kutafutia kazi mtandaoni. Natuma maombi hayajibiwi, na wanaojibu wanataka bei ya kutupa. Naomba kujua bei nipangeje, ombi liandikweje, na malipo yalindwe vipi. "Kuwa mvumilivu" nimeshaambiwa vya kutosha, nataka hatua.

Mpangachapa

Mkuu, kabla ya bei tazama unauza nini. Ukiandika "natoa huduma ya unukuzi" unashindana na programu inayomaliza saa nzima ya sauti kwa dakika chache. Mteja anayetaka maneno tu hakuhitaji tena. Anayekuhitaji ni yule ambaye maneno ya mashine yamemwangusha: majina ya watu yamekosewa, tarakimu zimegeuka, wasemaji wawili wakipishana mmoja kapotea, au mtu amechanganya lugha mbili katika sentensi moja. Kuna kasoro nyingine ambayo wateja wengi hawaijui: palipo na kimya kirefu au muziki, mashine huweza kutunga sentensi ambayo haikusemwa kabisa. Haina kosa la tahajia wala la sarufi, kwa hiyo anayesoma bila kusikiliza haigundui.

Basi uza hilo: "Nasahihisha nakala ya mashine na kukabidhi faili la manukuu lililo tayari kupakiwa." Kisha chagua eneo moja, mihadhara ya vyuo, mahojiano ya watafiti au podikasti za afya, na weka sampuli tatu za eneo hilo hilo. Sampuli iwe na safu mbili: kushoto nakala ya mashine, kulia yako, makosa yakiwa yamepakwa rangi. Tumia sauti ambayo mwenyewe ameruhusu itumike. Faili la mteja wa zamani usiliweke hadharani bila idhini yake, hata ukificha jina.

Bi_Tarakimu

Nichukue la bei, maana hapo wengi wanajipunja bila kujua.

Saa moja ya sauti safi yenye msemaji mmoja huchukua kama saa 4 kuinukuu kutoka mwanzo. Wasemaji wengi au makelele, fikiria 6 na zaidi. Tuseme unataka dola 10 kwa kila saa ya jasho. Saa 4 ni dola 40, ukigawa kwa dakika 60 unapata dola 0.67 kwa dakika ya sauti. Wengi wanaishia hapo na kutangaza bei hiyo.

Sasa ongeza saa isiyolipwa: kujibu ujumbe, kupakua faili, marekebisho. Kwa kazi ya ukubwa huu weka saa 1. Imekuwa dola 50. Fiverr hukata asilimia 20 ya kipato cha muuzaji, kwa hiyo gawa 50 kwa 0.8, unapata 62.5. Kwa dakika ni dola 1.04. Aliyetangaza 0.67 atabakiwa na dola 32 kwa saa 5 za kazi, yaani 6.4 kwa saa, na hapo ada ya kutoa fedha haijaguswa. Upwork makato hutofautiana kwa mkataba. Yanaonekana kwenye fomu ya ombi kabla hujatuma, yasome kila mara.

Angalieni kosa la hesabu: watu huongeza asilimia 20 juu ya 50 wakapata 60. Asilimia 20 ya 60 ni 12, unabaki na 48. Ni kugawa, si kujumlisha.

Ukifanya kazi ya kusahihisha nakala ya mashine muda unaweza kushuka hadi nusu, lakini usitoe bei kabla hujasikiliza dakika 5 za mwanzo, 5 za katikati na 5 za mwisho. Mwanzo wa rekodi karibu kila mara ni msafi kuliko katikati.

Jicho_la_Tai

Mimi nasema anza na bei ya chini upate maoni ya wateja. Bila nyota hakuna anayekutazama.

Bi_Tarakimu

Ndugu, hapo tunatofautiana. Punguza ukubwa wa kazi, bei iache. Weka kifurushi cha dakika 10 za sauti kwa bei yako ya kawaida kwa dakika. Mteja anahatarisha fedha kidogo, wewe unapata maoni yale yale. Aliyekupata kwa bei ya kutupa atarudi akitaka bei hiyo hiyo, na ukipandisha ataondoka.

Mpangachapa

Naungana na Bi_Tarakimu. Sasa ombi lenyewe. Upwork mteja akifungua orodha ya waombaji huona mistari kama miwili ya kwanza tu. Ukiijaza "Mpendwa, nimesoma tangazo lako kwa makini" umeshaitumia bure. Anza na kazi yake, hivi:

"Mahojiano yako yana wasemaji 4 na umetaka alama za muda kila dakika. Nitakupa faili la Word lenye majina ya wasemaji pamoja na faili la manukuu la SRT. Naweza kukamilisha dakika 10 za kwanza kesho ili uone mtindo kabla hatujaendelea. Swali moja: 'eee' na marudio niyaache au niyafute?"

Swali hilo la mwisho lina kazi yake. Linaonyesha unajua kwamba kuna unukuzi wa neno kwa neno na uliosafishwa, na kujibu kwake ni rahisi.

Kuhusu wapi pa kutuma: kila ombi Upwork hutumia Connects, yaani tokeni za kuombea kazi, na hizo ni fedha. Pita tangazo ambalo mteja hajathibitisha njia ya malipo, au limekaa siku kadhaa huku anahoji watu tayari. Tazama pia kiwango chake cha kuajiri. Anayetangaza kila mara bila kuajiri mtu anakusanya bei tu. Halafu rudia maombi yako ya zamani. Kazi ambayo hakuna aliyeajiriwa, usijilaumu. Palipoajiriwa mwingine, wasifu wake ukionekana, linganisha sampuli zake na zako.

Fremu25

Mmesahau ubora wa faili, na humo ndimo mteja anapotea asirudi. Viwango vinavyotumika sana: mistari isiyozidi miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, nukuu moja isikae skrini zaidi ya sekunde 7, kasi ya kusoma herufi 17 hadi 20 kwa sekunde. Jina la mtu usilikate katikati ya mistari. Programu za kuhariri manukuu Subtitle Edit na Aegisub ni za bure, na zote mbili zinatosha kabisa.

SRT huandika muda kwa mkato, 00:01:12,500. WebVTT, aina nyingine ya faili la manukuu, hutumia nukta, 00:01:12.500, na mstari wa kwanza lazima uwe WEBVTT. Ukibadilisha jina la faili kutoka .srt kuwa .vtt bila kugusa ndani, halitafanya kazi. Hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi, huchaguliwa unapohifadhi faili), la sivyo herufi zenye alama zitageuka takataka upande wa mteja.

Mteja akilalamika manukuu hayaendani na sauti, muulize: tofauti ni ile ile mwanzo hadi mwisho, au inakua? Ikiwa ni ile ile, sogeza manukuu yote kwa pamoja, dakika moja umemaliza. Ikiwa inakua, kasi ya fremu imetofautiana; faili lililopangwa kwa fremu 25 kwa sekunde likiwekwa kwenye video ya 23.976, mwisho wa saa moja litakuwa limeachana kwa karibu dakika 2 na nusu. Hapo badilisha kasi ya fremu ndani ya programu, usihangaike kusogeza nukuu mojamoja.

Kalamu_Kimya

Asanteni sana wakuu. Kuna mteja anasema tuhamie WhatsApp anilipe moja kwa moja tukwepe makato. Mwingine ananitaka nilipe "dhamana" kidogo ndipo anitumie faili. Nifanyeje?

Jicho_la_Tai

Wa dhamana ni tapeli, mripoti ufunge mazungumzo. Kazi halali haikudai ulipe. Weka kundi moja naye anayetaka kukodi akaunti yako, na anayekulipa "zaidi kwa bahati mbaya" kisha anaomba urudishe chenji. Malipo yake ya awali yatabatilishwa na chenji umeshaituma.

Wa WhatsApp anaweza kuwa mtu mwema, ila akaunti yako inaweza kufungwa. Fiverr hukataza kubadilishana mawasiliano ya nje kwa ajili ya malipo. Upwork sharti la kulipana ndani hudumu miaka 2 tangu mlipokutana, isipokuwa ada ya kuondoka ilipwe. Mjibu kwa adabu kwamba malipo ya ndani yanamlinda naye pia.

Bi_Tarakimu

Niongeze kwenye ulinzi. Mkataba wa bei moja, usianze mpaka uone awamu ya kwanza imewekewa fedha, si mkataba kusainiwa tu. Saa 5 za sauti zigawe awamu 5. Ukimaliza, wasilisha kwa kitufe cha kukabidhi kazi. Ukituma faili kwenye ujumbe tu, siku za kusubiri malipo hazianzi kuhesabiwa. Upwork mteja akinyamaza siku 14 tangu ulipokabidhi, fedha hujiachia zenyewe, kisha hushikiliwa siku 5. Fiverr oda hujifunga baada ya siku 3 za kimya, na fedha hukaa siku 14 kwa muuzaji mpya. Kwa hiyo panga matumizi ukijua kazi ya leo ni fedha ya wiki mbili au tatu zijazo.

Mkataba wa saa Upwork, washa programu yao ya kuhesabu muda. Hupiga picha ya skrini mara moja katika kila dakika 10. Muda unaouandika kwa mkono hauna ulinzi mteja akigoma. Hili linawauma wanukuzi hasa, maana ukisikiliza bila kugusa kibodi wala kipanya shughuli husomeka sifuri. Tumia vitufe vya kusimamisha na kurudisha sauti.

Na marekebisho yaandikwe mapema: raundi moja, ndani ya siku 7, kwa makosa yako tu. Mteja akibadili mtindo baada ya kukubali zile dakika 10 za kwanza, hiyo ni kazi mpya yenye bei yake.