Wapi pa kutelezea mchangani karibu na Malindi? Watoto wameletewa sleji ya theluji

Mama_Swafiya (Malindi)
Asalaam alaikum jamani. Watoto ni wa miaka 6, 9 na 12. Mjomba wao aliyeko Italia amewaletea sleji ya plastiki, ile ya kutelezea juu ya theluji. Theluji yetu sisi ni ya friji, lakini nasikia mchangani pia watu huteleza. Ni wapi pafaapo, pa kwenda na kurudi siku moja? Na hiyo sleji itafanya kazi au ni mzigo tu? Likizo ya Desemba ndiyo hiyo inabisha hodi.

Boda_Gongoni
Waalaikum salaam dada. Nendeni Mambrui. Panda matatu ya Gongoni au Marereni, vuka daraja la Sabaki, shuka Mambrui, kama kilomita 15 kutoka Malindi mjini. Kutoka barabarani mpaka ufuoni ni boda au miguu. Vilima vya mchanga viko ufuoni, kuelekea upande wa Sabaki. Mkipita kijijini vaeni kwa heshima, nguo za kuogelea zibaki mkobani. Na msivutwe na mchezo mkafika mdomoni mwa mto. Pale kuna viboko na mamba, na ndege wa baharini hutua hapo kupumzika, wasisumbuliwe.

Fundi_Plaiwudi
Mama Swafiya, sleji hiyo iacheni nyumbani. Theluji huyeyuka kidogo chini ya chombo kinachosuguana nayo, ule utando wa maji ndio unaotelezesha. Mchanga hauyeyuki. Punje zake ni ngumu, hukwaruza plastiki laini, na kila mkwaruzo mpya ni breki. Mtoto atashuka mita mbili akwame, kisha aanze kujisukuma kwa visigino.

Kinachoteleza mchangani ni kitu kigumu, laini, chenye nta. Kata plaiwudi ya milimita 6, urefu sentimita 100, upana 30. Chini yake bandika fomaika, lile bamba jembamba gumu linalong'aa la juu ya meza, kwa gundi yake: paka pande zote mbili, ngoja mpaka gundi isinate kidoleni, ndipo ubandike ukikandamiza kutoka katikati kwenda kingoni ili hewa itoke. Iache ilale siku nzima. Kingo zote zipigwe msasa mpaka ziwe mviringo, kwa sababu fomaika iliyokatwa hukata ngozi kama wembe.

Kazi kubwa iko kwenye pua ya kibao. Kibao bapa huchimba, pua ikizama mtoto anarushwa kifudifudi. Loweka sentimita 15 za mwanzo kwenye maji ya moto kabla ya kubandika fomaika, kunja polepole, funga kwa kamba ikauke ikiwa imekunjika. Fomaika yenyewe iishie pale mkunjo unapoanzia, ukilazimisha ipande nao itapasuka. Ule mkunjo uliobaki wazi upake vanishi. Kisha toboa matundu mawili, pitisha kamba ya kushikia.

Nta ni mshumaa wa kawaida mweupe. Sugua chini yote kabla ya kila mteremko mmoja au miwili. Watu huuona usumbufu, wanasugua mara moja asubuhi halafu wanalaumu kilima.

Karara_Tupu
Fundi umemtajirisha mwenye hadweya. Karara la mnazi, lile ganda linalofunika maua yake, lipo bure! Chagua pana, lililokauka lakini halijapasuka, mtoto akae ndani ashike ile ncha ya mbele.

Fundi_Plaiwudi
Karara sikatai, kwa wa miaka 6 ni zuri kuliko kibao kwa sababu haliendi mbio. Lakini lina mshipa katikati na huchanika kwa urefu, halimalizi siku. Chukueni manne au matano. Jerikeni ya lita 20 iliyopasuliwa nayo hutumika, ila mkate ule upande wa mpini na kukunja kingo kwa moto, na hasara yake ni ileile ya sleji: ikikwaruzika imekwisha.

Msafiri_Pwani
Kwa nini msiende Lamu? Vilima vya Shela ni vikubwa na ufuo ni kama kilomita 12.

Mwana_Shela
Msafiri, tafadhali usiwatume watu huko. Ile milima ndiyo tangi la maji ya kunywa ya Lamu. Mvua huzama mchangani ikachujwa, maji matamu yakakaa juu ya yale ya chumvi yaliyo chini kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mchanga unashikwa na majani yale ya kutambaa yenye maua ya zambarau pamoja na vichaka vidogo. Makundi yakipanda na kushuka mahali pamoja, majani yanakufa, upepo unaubeba mchanga. Shela njooni mtembee ufuoni, mwogelee, mle samaki. Kuteleza hapana. Na hata Mambrui fuateni hilohilo, telezeni pale palipo mchanga mtupu.

Mama_Swafiya (Malindi)
Nimekuelewa ndugu, Shela tumeiacha. Sasa Mambrui nitajuaje kilima kizuri? Na saa ngapi?

Boda_Gongoni
Tafuta uso mkali, mara nyingi ni ule wa upande wa bara, maana upepo hupandisha mchanga kutoka baharini na kuumwaga nyuma. Mchanga mkavu hauwezi kusimama wima kupita nyuzi 34 hivi, kwa hiyo uso ukiporomoka wenyewe mnapokanyaga, hapo ndipo penyewe. Njia rahisi: kwa kila hatua 2 za kwenda mbele, kilima kishuke hatua 1 au zaidi. Kikiwa chini ya hapo mtasukumana tu. Chini kuwe na mita 10 wazi, pasiwe na kisiki, kamba ya mvuvi wala chupa. Mtu mzima apite kwanza kwa miguu akichokora mchanga.

Saa: kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, au kuanzia saa kumi alasiri. Adhuhuri mchanga unaunguza nyayo. Siku mbili baada ya mvua msiende, mchanga mbichi hung'ang'ania kibao, na Desemba mvua za vuli huwa hazijaaga kabisa. Januari hadi Machi ndio mzuri. Wakati wa upepo wa kusi mchanga unaruka machoni.

Mkiteleza upande wa bahari, angalieni maji. Siku za bamvua hujaa mpaka miguuni mwa vilima.

Fundi_Plaiwudi
Kukaa: makalio nyuma ya katikati, miguu juu ya kibao, mgongo uegemee nyuma kidogo. Kichwa mbele hapana, hata kwa huyo wa miaka 12. Waanzie nusu ya kilima. Mmoja ashuke, atoke njiani, ndipo mwingine. Miwani yoyote ya kuzuia mchanga inafaa.

Mwana_Shela
Nyongeza moja ya lazima: msiwaache wachimbe mapango ubavuni mwa kilima. Mchanga mkavu huporomoka bila sauti na mtoto hafukuliki upesi. Pia bebeni maji, kama lita 2 kwa kila mtu, kule juu hakuna duka wala kivuli.

Mama_Swafiya (Malindi)
Shukrani. Plaiwudi ya milimita 4 ninayo nyumbani, haitoshi?

Fundi_Plaiwudi
Kwa wa 6 na 9 inatosha ukiongeza vipande viwili vya mbao kwa upana, juu, kimoja mbele kimoja nyuma. Wa 12 ataivunja.