Bei ya trela imepanda nikiwa mezani: naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Kutoka: Mwana wa Wete, Columbus, Ohio

Assalamu alaykum ndugu zangu,

Naleta jambo langu kwenu kwa sababu nimebakiwa na siku nne tu. Mama yangu anakuja kutoka Wete mwezi wa Juni, nami nimenuia kumtembeza pamoja na wajukuu zake bila ya kulala hotelini, kwa kuwa hali chakula asichokipika mwenyewe na anataka mahali pake pa kutawadha na kusali. Ndiyo maana nikatafuta trela la kusafiria la futi 22, lenye vitanda vya ghorofa nyuma na jiko karibu na mlango. Nililiona kwa muuzaji mmoja limetangazwa dola 24,995, na baada ya siku tatu za kupigiana simu na mtu wa mauzo tukapatana dola 22,500. Nikatoa arubuni ya dola 1,000.

Jumamosi nilipokwenda kutia saini walinipeleka F&I, yaani ofisi ya fedha na bima, na karatasi niliyowekewa mbele yangu ilikuwa na mistari ambayo hatukuitaja hata mara moja: usafirishaji kutoka kiwandani 1,895, PDI (ukaguzi wa kabla ya kukabidhi) na matayarisho 1,495, ada ya hati 399, kinga ya rangi na matairi 1,299. Jumla ikawa 27,588, kabla ya kodi na namba. Nilipouliza, yule wa ofisini akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba bei tuliyopatana ni ya trela lenyewe, na hayo mengine kila mnunuzi huyalipa. Sikutia saini. Wamenipa muda mpaka Jumamosi ijayo.

Naomba kujua mambo mawili: je, ada hizi ni za haki au naonewa? Na je, arubuni yangu inarudi? Karatasi yake imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba hairejeshwi, lakini mtu wa mauzo alinambia kwa mdomo wake kwamba inarejeshwa.

Kutoka: Dada wa Chake Chake, kaskazini mwa Indiana

Waalaykum salaam kaka yangu. Umefanya vyema sana kutotia saini, maana wengi wetu hutia kwa haya.

Mimi naishi nusu saa kutoka Elkhart, ambako na vitongoji vyake ndiko sehemu kubwa ya matrela ya nchi hii inakotengenezwa, na mume wangu amefanya kazi miaka sita huko akiziba maungio ya mapaa. Usafirishaji ni gharama ya kweli: dereva mwenye pikapu yake hulivuta trela moja moja na kulipwa kwa maili. Lakini kutoka hapa mpaka Columbus ni mwendo wa kiasi cha saa nne. Muulize muuzaji akuoneshe ankara ya kiwanda, uone usafirishaji uliandikwa kiasi gani, na kama haumo tayari ndani ya MSRP, yaani bei iliyopendekezwa na kiwanda, aliyoibandika dirishani. Wakati mwingine umo, na hapo unaulipa mara mbili.

Na hiyo MSRP yenyewe isikutie hofu. Kwenye gari ndogo jipya, ile karatasi ya bei ya kiwanda hubandikwa kwa amri ya sheria ya mwaka 1958, lakini sheria hiyo haihusu matrela. Karatasi uliyoiona huenda ameipiga chapa muuzaji mwenyewe, na punguzo analokupa huenda analipima kutoka kwenye namba aliyoipanga yeye.

Ama PDI, hiyo mimi siilipi hata senti. Ni kazi yake kuhakikisha kwamba friji inapoza, bomba halivuji na taa zinawaka kabla hajakuuzia. Muuza samaki wa Darajani hakutozi ada ya kuangalia kama changu wake hajaoza.

Kutoka: Mtu wa Makunduchi, Tampa, Florida

Namuunga mkono dada, lakini kosa halikuanzia ofisini. Lilianzia kwenye simu, pale kaka alipopatana bei ya trela badala ya OTD (out the door), yaani jumla yote ya kuondokea nalo. Asiyetaja OTD hajapatana bei bado, kwa sababu hajaijua jumla ya kila kitu mpaka trela limefungwa nyuma ya gari lake.

Langu nililinunua mwezi wa Novemba, wakati watu wameshaegesha yao na viwanja vya wauzaji vimejaa ya mwaka unaomalizika. Niliwaandikia barua pepe wauzaji watano, maneno yale yale kwa kila mmoja, nikitaja muundo, mwaka na namba ya mpangilio wa vyumba, na nikaomba OTD ikiwa imegawanywa mstari kwa mstari. Wawili hawakujibu. Mmoja alisisitiza nije kwanza ofisini, nami sikwenda. Wawili waliobaki waliandika, na nikamwonesha kila mmoja barua ya mwenzake mpaka trela lililobandikwa 38,700 likafika 28,900, pamoja na kiunganishio cha kugawanya uzito baina ya gari na trela, na kazi ya kukifunga. Hapa Florida ada ya hati haina kikomo cha sheria na yangu ilikuwa kubwa, kwa hiyo sikubishana nayo. Nilimwambia aipandishe apendavyo mradi jumla ibaki ile ile.

Kaka asiogope sana. Hata akitia saini, sheria ya shirikisho inampa siku tatu za kurudisha.

Kutoka: Ami wa Mkoani, Minneapolis, Minnesota

Ndugu yangu wa Tampa, naomba sana usiandike jambo la namna hiyo mahali ambapo kijana amebakiwa na siku nne za kuamua. Hakuna siku tatu. Kanuni hiyo ya FTC, tume ya shirikisho ya biashara, ni ya mtu aliyefuatwa na muuzaji nyumbani kwake au mahali pa muda, na haimhusu aliyekwenda kwa miguu yake kwenye kiwanja cha muuzaji. Ukishatia saini pale, trela ni lako. Usitegemee pia sheria za kurudisha gari bovu, kwa sababu katika majimbo mengi hazilihusu trela la kuvutwa, au zinagusa sehemu tu. Nimemwona mtu hapa akihangaika miezi kwa imani hiyo hiyo ya siku tatu, ndiyo maana nasema kwa ukali kidogo.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa nalo ni kubwa kwetu, yaani malipo. Mimi nililipa taslimu kwa kuikimbia riba. Nilidhani taslimu itanipa heshima na punguzo, kumbe nilipoitaja mwanzoni, mtu wa mauzo alipoa palepale. Muuzaji hupata fungu lake kutoka kwa mkopeshaji, hasa akikuandikia kiwango kilicho juu ya kile ambacho benki ilikuwa tayari kukupa, na kwa hiyo fedha taslimu inampunguzia pato. Tangu hapo nawaambia vijana wetu wasitaje watalipaje mpaka OTD iwe imeandikwa na kutumwa. Kunyamaza si kusema uongo. Akikuuliza, mwambie kwamba mtazungumza malipo bei ikishatulia.

Na wale wanaokopa, wasilijibu kamwe lile swali la "unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" Dola 22,500 kwa asilimia 9 kwa miaka 15 ni kiasi cha 228 kwa mwezi, nayo inasikika nyepesi. Zidisha kwa miezi 180 uone kama hukupita 41,000, kwa kitu ambacho thamani yake inashuka tangu siku unayotoka nacho.

Kutoka: Mwana wa Malindi, London

Huku Uingereza bei inayobandikwa kwenye karavani huwa tayari ina VAT ya asilimia 20 ndani yake, na mnunuzi binafsi anaiona jumla tangu mwanzo. Nashangaa kwa nini ndugu yetu asidai bei iliyo kamili kama hiyo kwa mujibu wa sheria.

Kutoka: Dada wa Chake Chake

Kaka wa London, asidai kwa sheria isiyokuwepo. Hapa kodi ya mauzo huongezwa mwishoni, nayo hutofautiana hata baina ya kaunti na kaunti. Ada ya hati nayo kila jimbo lina yake: California imewekewa ukomo wa dola 85, na ndugu wa Tampa ameshatueleza ya Florida. Tumjibu aliyeuliza kwa mahali alipo.

Kutoka: Mzee wa Jang'ombe, Unguja

Wanangu, nawasoma kutoka nyumbani. Nimefurahi kusikia kwamba mnakata bei, kwa sababu nilidhani huko kila kitu kina bei ya ubao na anayebisha huonekana mshamba. Hapa Darajani mtu akilipa bei ya kwanza, muuzaji mwenyewe hushtuka. Sehemu ambayo hatukatani bei ni karafuu, kwa sababu mnunuzi halali ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake, na mkulima wa Pemba huambiwa bei wala haulizwi. Kwa hiyo huyu mwana wa Wete anatoka kwa watu waliofundishwa kupokea bei. Asiichukulie ofisi ile kuwa ni ZSTC. Ana wauzaji wengine, basi awatumie.

Nyumba hiyo ya magurudumu imenikumbusha dago. Wavuvi wa Kojani huhama na sufuria, mikeka na nyavu, wakapiga kambi miezi kwa miezi mwambao wote huu. Mama yako ataielewa safari yako kuliko unavyodhani.

Nauliza pia: je, trela kama hilo linaweza kuletwa Unguja?

Kutoka: Mtu wa Makunduchi

Mzee wetu, shikamoo. Mimi nililipigia hesabu jambo hilo nikaliacha. Upana wa ndani wa kontena ni kiasi cha mita 2.35, na matrela mengi yana futi 8, yaani mita 2.44, kwa hiyo halingii. Lazima lipande meli ya magari. Vifaa vyake vimetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na huko ni 230. Na mlango wake uko kulia, kwa kuwa huku tunaendesha kulia. Huko ungemfungulia mtoto mlango katikati ya barabara.

Ami wa Mkoani, nimekubali kosa la siku tatu, na namwomba kaka radhi.

Kutoka: Mwana wa Wete

Ahsanteni nyote, na Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako ya karafuu nimeyasoma mara mbili, kwa sababu marehemu baba alikuwa akirudi kutoka kituo cha karafuu kimya vile vile ninavyojiona mimi ninapotoka katika ofisi hizi.

Nimefanya kama mlivyosema. Jumanne usiku niliwaandikia wauzaji wanne nikiomba OTD kwa mistari. Mmoja wa upande wa Dayton amejibu kwa trela la mpangilio ule ule: 23,650 kabla ya kodi na namba, usafirishaji ukiwa ndani, PDI bila malipo, hati 250, na hakuna kinga ya rangi.

Jana baada ya kazi nilirudi kulitazama lile la kwanza, kwa sababu ndilo watoto waliloliona na kulipenda. Nililala chini na tochi nikasoma maandishi ya DOT, yaani namba za idara ya usafirishaji, ubavuni mwa tairi. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa 1122, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2022. Matairi yote manne yalikuwa hivyo hivyo, yakiwa na mstari wa vumbi la matope pale yalipogusa changarawe, na nyasi zimeota kuzunguka magurudumu. Kumbe trela hili, ambalo kwenye tangazo ni jipya, limekaa hapo muda mrefu sana. Niliingia ndani nikabonyeza kona za ukuta wa nyuma kwa kidole gumba. Kona ya kushoto, chini ya kitanda cha chini, ilikuwa inabonyea kidogo. Sikumwambia mtu.

Je, hilo linanisaidia kwenye bei, au niliache tu?

Kutoka: Ami wa Mkoani

Kijana wangu, kukaa kwake muda mrefu kunakusaidia sana. Muuzaji hununua matrela yale kwa fedha ya kukopa na hulipia riba kila mwezi yakiwa kiwanjani, na kila linavyozeeka ndivyo mkopeshaji anavyomtaka alipunguze deni lake. Kwa hiyo ile tarehe ya Jumamosi inambana yeye kuliko inavyokubana wewe. Lakini kona inayobonyea ni maji, na maji hayana punguzo linalotosha. Ningekuwa mimi ningekwenda Dayton, nikabonyeza kona zote za huko, na nikasoma matairi yake pia.

Kutoka: Dada wa Chake Chake

Ami amesema. Paa likianza kuvuja, mbao za ndani huoza kabla hujaona doa, na mume wangu anasema hata kwa dola 15,000 hangelichukua kumlaza mama mzazi. Ukifika Dayton panda ngazi uangalie maungio ya paa, hasa kuzunguka madirisha ya juu na pembe za mbele, uone kama kizibio hakijapasuka. Na kabla hujatoa senti huko, ile OTD waiandike kwenye karatasi ya mauzo yenyewe. Barua pepe peke yake haitoshi.

Sasa kuhusu arubuni yako: uliilipa kwa kadi ya mkopo au kwa kadi ya benki? Na yale maneno ya mtu wa mauzo, aliyasema tu, au kuna ujumbe wowote wa simu uliobaki nao?

Kutoka: Mwana wa Wete

Kwa kadi ya benki, dada. Ujumbe ninao mmoja, wa Ijumaa iliyopita, amesema "usijali kuhusu ile elfu." Hakusema zaidi ya hapo. Kesho asubuhi nakwenda Dayton na mke wangu, na ngazi nimeshaifunga juu ya gari.